Simu kwa dola 20 kwenye mnada wa mtandaoni: majibu

Mkuu, umeuliza kama hiyo minada ya mtandaoni inayotangaza simu kwa dola 20 ni ya kweli na kama ununue kifurushi cha madau. Inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikakukausha mfuko. Hapa unalipia kila dau unaloweka, ushinde ushindwe. QuiBids, tovuti ya minada ya aina hii ya Marekani, ilikuwa ikiuza dau moja kwa senti 60 za dola. Tuseme kila dau linapandisha bei kwa senti 1: simu ikiishia dola 50, yamepigwa madau 5,000. Mwenye tovuti ana dola 3,000 mkononi kabla mshindi hajalipa hizo 50!

Kinachonasa watu ni ile saa ya mnada inayohesabu kurudi nyuma: ikiisha, mwenye dau la mwisho ndiye mshindi, lakini kila dau jipya huiongezea sekunde. Zimebaki sekunde 3, moyo unadunda, mtu anabonyeza, inarudi 10. Unaongeza dau tena kwa kuogopa kupoteza hela ulizokwisha tumia. Na huyo anayebonyeza huwezi kujua kama ni mtu au programu ya wenye tovuti.

Angalia kama ukishindwa wanakuruhusu kununua bidhaa kwa bei ya dukani, madau yako yakikatwa humo, na kama wanatuma mzigo Dar. La sivyo, nakusihi, hela hiyo nenda nayo Kariakoo mtaa wa Aggrey, uwashe simu mwenyewe na udai risiti.