Barua pepe za ofisi bila laptop ya ofisi

Juzi karani mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Dada, ofisini hawanipi laptop. Nikisafiri kazi zinalala. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, umenigusa penye kidonda. Laptop nimenyimwa miaka nenda rudi, huku walioajiriwa nyuma yangu wakipewa mpya. Sisi makatibu muhtasi tunaonekana watu wa kukaa mezani tu, na hilo bado linaniuma.

Mwaka jana nilifiwa na baba mdogo, Kondoa, wiki ileile ya kikao cha bodi. Bosi akauliza nani atashika ratiba yake. Nikamjibu nitaishika mwenyewe. Nikaingia steshenari jirani na stendi, nikafungua Chrome, nikabonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, likaja dirisha la faragha, lisilohifadhi kumbukumbu za kurasa ulizofungua. Nikaandika outlook.office.com, anwani ya barua pepe kwa ofisi zinazotumia Microsoft kama yetu, nikaingia kwa akaunti yangu. Barua zote hizo, na kalenda pembeni. Wajumbe walikuwa wameomba muda usogezwe. Nikauburuta mkutano kutoka saa tatu hadi saa tano, nikatuma, kila mmoja akapata taarifa. Kikao kikafanyika bila bughudha. Mwezi uliopita nimepandishwa cheo, na nimestahili.

Sasa nisikilize vizuri. Kalenda ya bosi naifungua kwa akaunti yangu mwenyewe, kwa kuwa alishanishirikisha na kunipa ruhusa ya kuihariri. Neno lake la siri silijui wala silitaki. Ukiingia kwa jina la bosi, siku barua mbaya ikitoka humo utaanza kuhojiwa wewe.

Simu iwe na chaji, maana namba ya uthibitisho huja huko, na bila hiyo hata neno la siri sahihi halikufikishi popote. Kwenye mipangilio ya kalenda hakikisha majira ni ya Nairobi, UTC+3, ndiyo yetu pia Tanzania. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha funga dirisha. Dirisha la faragha halifuti faili ulizopakua! Nenda kwenye folda ya vilivyopakuliwa ukafute, halafu ukafute tena kwenye pipa la taka. Nimekuta mikataba ya watu imeachwa kwenye kompyuta za steshenari, mishahara na sahihi zote nje. Jamani, siri ya ofisi ni amana.

Wewe wa Mwanza, kesho asubuhi muombe bosi wako hiyo ruhusa ya kalenda, na ujaribu kuingia kwenye kompyuta nyingine kabla safari haijafika.