Mlango wa ngazi ya kushukia chini ufungukie wapi?
Ndugu uliyeuliza juu ya kufunga mlango kwenye ngazi ya kushukia chumba kilicho chini ya ardhi, kwa kuwa uko Marekani na hii ni kazi yako ya kwanza, nunua mlango uliokwisha kutiwa bawaba ndani ya fremu, uuweke juu ya ngazi ufungukie ukumbini; ukifungukia juu ya vidato pasipo jukwaa la kusimama, utakiuka kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi. Uwazi wa ukuta uzidi upana wa mlango kwa takriban sentimeta 5. Anza na upande wa bawaba: upime kwa pima maji (kifaa cha kuonyesha kama kitu kimesimama wima), uchomeke kabari nyembamba nyuma ya kila bawaba, ndipo ukaze skrubu, kwani upande huo ukiinama kidogo tu, mlango utajifungua au kujifunga wenyewe hata upepo usipovuma. Ukuta ukiwa umebeba dari, usiukate kabla fundi hajauona.