Mtoto akiuliza habari za damu: majibu kwa wasomaji

Mwalimu wa darasa la 6 la msingi, Bagira: Niliwaahidi wanafunzi kwamba tungetoa ADN (DNA, uzi unaobeba maagizo ya kurithi) kwenye ndizi. Nilitwanga ndizi za kupika kwenye kinu, nikatia sabuni ya unga na chumvi, kisha nikamimina kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Ulitoka uji wa kijivu wenye povu, darasa zima likacheka. Nilikosea wapi?

Mwalimu, kosa kubwa ni kanyanga. ADN huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika alkoli kali. Kanyanga, hata ile inayoshika moto, bado ina maji mengi, basi nyuzi za ADN hubaki humohumo zimeyeyuka na hamwoni kitu. Nunua alkoli ya asilimia 90 kwenye farmasi. Ile ya 70 ya kusafishia vidonda huleta matokeo hafifu.

Ndizi nayo ilikuponza. Ndizi mbichi ya kupika imejaa wanga, na wanga ndio uliokupa uji. Chukua ndizi ya kula iliyoiva hadi ganda likapata madoa meusi. Kinu kiache jikoni: ADN ni uzi mrefu mno na mwembamba, ukitwanga kwa nguvu unaukatakata.

Kwa kikundi kimoja cha watoto, weka nusu ya ndizi katika mfuko mgumu wa plastiki na uiminye kwa vidole mpaka isibaki na donge. Katika glasi nyingine changanya vijiko 6 vya chakula vya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga polepole, povu likijaa, subiri lishuke, maana baadaye litaficha kile mnachotafuta. Mimina katika mfuko, papasa taratibu dakika 5, kisha acha utulie dakika 10. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba bila kukikamua. Weka maji yaliyochujwa kwenye glasi nyembamba inayoonyesha, yafike kimo cha vidole viwili. Inamisha glasi, uteremshe alkoli baridi sana ukutani mwake, kiasi kilekile, ili ielee juu. Usikoroge. Baada ya dakika 5 hadi 10, pale maji na alkoli vinapokutana, utaona kitu cheupe kama pamba kinapanda na vipovu vidogo. Kizungushe kwenye kijiti.

Watoto watauliza kila kitu ni cha nini. Sabuni huvunja utando wa seli, ambao ni wa mafuta, kama inavyotoa mafuta kwenye sufuria. Chumvi huwezesha nyuzi za ADN, ambazo kwa kawaida husukumana, zishikane. Waambie pia ukweli kwamba ile pamba si ADN tupu: ina protini na utando wa tunda ndani yake. Umeme ukikatika, nunua barafu, ivunje, changanya na chumvi, zika chupa ya alkoli humo nusu saa. Na mbabula (jiko la makaa) iwe mbali kabisa, si pembeni ya mlango, maana alkoli hushika moto.

Mama wa Kadutu: Mtoto wetu wa tatu ana SS, ugonjwa wa selimundu. Dada yake wa miaka 10 ameniuliza: kwa nini yeye, si mimi? Shangazi zao wanasema ni damu ya upande wangu.

Mama, shangazi hao wamekosea, na hata binti yako anaweza kuwaonyesha. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Kwa kawaida wazazi wote wawili ni AS, yaani wana A moja ya kawaida na S moja, hawaumwi, wala hawajui wamebeba nini.

Chukua vikopo viwili, kimoja cha papa, kimoja cha mama. Katika kila kimoja tia haragi moja jekundu na moja jeupe, ya ukubwa mmoja ili vidole visitambue. Jekundu ni A, jeupe ni S. Binti afumbe macho, atoe moja katika kila kikopo, aandike alichopata, ayarudishe, aanze tena. Afanye hivyo mara 20. Kwa hesabu angetegemea SS 5, lakini anaweza kupata 3 au 7, na hapo ndipo somo lilipo. Wengi husahau kurudisha maharagi, wakadhani mimba huhesabiana: “tumeshapata mmoja wa SS, watatu wanaofuata watapona.” Vikopo havikumbuki. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS, 2 kati ya 4 ya AS na 1 kati ya 4 ya AA. Wapo wazazi wa AS wenye watoto wanne wasio na SS hata mmoja. Ni karibu familia 32 katika 100 za namna hiyo. Wapo pia wenye wawili.

Ukimweleza ugonjwa wenyewe, anza na herufi za ADN, ambazo si zile A na S za vikopo. Katika kromosomu ya 11, kifurushi kimojawapo cha ADN, kuna maagizo ya kutengeneza hemoglobini inayobeba oksijeni katika damu, na herufi moja imebadilika, A ikawa T, kama mtu aandike *taka* mahali pa *paka*. Hapo chembe nyekundu za damu, zikipungukiwa oksijeni, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu ya mifupa hutoka huko. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya SS siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano. Mwambie waziwazi kwamba hauambukizwi kwa kijiko wala kwa kulala kitanda kimoja. Mpe na kazi: amkumbushe mdogo wake kunywa maji, na akimwona ana homa aseme mara moja, maana homa kwa mtoto wa SS ni ya kukimbilia hospitali, si ya kungojea asubuhi.

Yeye naye apimwe kwa elektroforezi ya hemoglobini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ni AA, AS au SS. Asipokuwa na SS, nafasi ya kuwa AS ni 2 kati ya 3, si nusu, kwa sababu ile nafasi ya SS imeshaondolewa katika zile nne.

Papa wa Ibanda: Mimi ni kundi A, mama watoto ni B. Binti yetu amepimwa shuleni akaonekana O. Majirani wameanza maneno.

Papa, majirani wakae kimya. Mtu wa kundi A anaweza kuwa AA au AO. Hiyo O haionekani ila anayo, na kwa B ni vilevile. AO na BO wanaweza kuzaa A, B, AB au O, kila moja nafasi 1 kati ya 4. Kinachoshangaza ni mzazi wa AB kuwa na mtoto wa O, na hata hapo jambo la kwanza ni kurudia kipimo, kwa kuwa tone lililosomwa haraka hukosewa. Rhesus pia, ile alama ya chanya au hasi ya damu: wazazi wawili chanya huweza kupata mtoto hasi.

Mwalimu wa kike, Bukavu: Kitabu changu cha zamani kinasema kukunja ulimi kama mrija kunatokana na jeni moja, yaani agizo moja la kurithi. Nifanye zoezi hilo na wazazi wa watoto?

Hapana, dada. Alfred Sturtevant ndiye aliyelieneza wazo hilo mwaka 1940, lakini mwaka 1952 Philip Matlock aliwapima mapacha wa kufanana, wenye ADN moja, jozi 33, na katika jozi 7 mmoja alikunja ulimi, mwenzake akashindwa. Mtoto ambaye ulimi wake haufanani na wa wazazi, akatoka darasani akidhani papa si papa wake, utamrudishaje? Na katika madarasa yetu kuna watoto waliokimbia vita, wanalelewa na bibi au na jirani. Zoezi la kulinganisha ulimi au masikio na ya wazazi huwaumiza bila faida.

Afadhali alama za vidole. Paka penseli nzito kwenye karatasi, mtoto asugue kidole hapo, abandike utepe wa gundi unaoonyesha juu ya kidole, kisha auhamishe kwenye karatasi nyeupe. Kidole kisiwe na jasho, la sivyo mistari inaungana kuwa doa. Wahesabu vitanzi, mizunguko na matao, wachore safu ubaoni. Vitanzi huwa ndivyo vingi. Ukiwa na mapacha wa kufanana darasani, waite wote wawili: ADN ni moja, lakini alama zao hazilingani, kwa sababu mistari hiyo hujichora tumboni na kila mmoja alikaa mahali pake.