Maswali ya bustani: vurugu ya rangi, na mume asiyeamini

*Kila nikiona ua zuri nanunua. Sasa ninayo ya kila aina, lakini bustani ni vurugu tupu. Tatizo nini? (Msomaji, Morogoro)*

Tatizo ni huo mche mmojammoja. Kanna moja nyekundu, pembeni waridi moja la pinki, mbele vinka mbili: jicho halijui litue wapi. Bakiza aina nne au tano unazozipenda kweli, panda kila aina kwa kundi, na kundi hilo lijirudie upande wa pili wa uwanja. Zilizobaki gawia majirani.

Gertrude Jekyll, Mwingereza aliyesomea uchoraji, aligeukia zaidi bustani macho yake yalipodhoofika. Tuta lake refu la maua pale Munstead Wood, nyumbani kwake Uingereza, lilianza na majani ya kijivu na maua ya samawati, likapanda kwa manjano hadi chungwa na nyekundu kali katikati, kisha likashuka hadi zambarau. Huhitaji tuta refu hivyo. Hata mita tatu chini ya ukuta zinatosha, mradi rangi zipishane taratibu na uache kijani kitupu hapa na pale. Nyekundu bila kijani kando yake ni kelele.

*Mume wangu anasema hii si sanaa, ni kazi ya shamba boi. Nimjibuje? (Mama wa watoto wawili, Tanga)*

Mchoraji Claude Monet alihamia Giverny, Ufaransa, mwaka 1883. Miaka kumi baadaye akanunua kiwanja cha kuchimba bwawa, akapanda mayungiyungi, akayachora hadi uzeeni. Bwawa lilitangulia, picha zikafuata.

Lakini mbona uende mbali nawe uko Tanga? Anayefunga kikuba cha asumini, kilua na rehani anapima kwa pua kama mchoraji anavyopima kwa jicho. Panda asumini karibu na baraza. Hufunguka jioni na kunukia usiku. Mumeo akitoka kupunga upepo baada ya chakula, pua yake itamjibu.

*Nimepanga chumba, nina kibaraza tu. (Msomaji, Kisumu)*

Makopo na ndoo zilizotoboka zinatosha. Zipake zote rangi moja, ili maua ndiyo yaonekane.

*Bogenvilia yangu inatoa majani tu. (Msomaji, Dodoma)*

Unaidekeza. Ihamishie juani kutwa, acha samadi kwa muda, na usimwagilie mpaka udongo ukauke. Ikionja kiu kidogo, huchanua. Ichungulie kwa karibu siku hiyo: ile pinki yote ni majani, ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati.

*Vipi lantana? Naona inapendeza na haisumbui. (Msomaji, Moshi)*

Inasumbua wengine. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, nayo huvamia malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na kondoo. Ukitaka chungwa, panda marigoldi.