Stesheni ya Nachingwea

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni jina gani la mahali kwenu linalotaja kitu ambacho hakipo tena? Mimi sikuhitaji kufikiri. Kwetu Nachingwea, mkoani Lindi, tuna kata inayoitwa Stesheni. Ina diwani wake, ina watoto wanaoliandika jina hilo kwenye fomu za shule, na wengi wao hawajawahi kuona garimoshi kwa macho. La mwisho liliondoka 1962. Mgeni akilisikia jina hilo huuliza kama ni stesheni ya mabasi.

Habari yenyewe inaanzia Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafuta ya kula yalikuwa adimu huko, watu wanapewa kwa mgao. Serikali yao ikaamua kulima karanga Afrika, kwa matrekta, katika zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ilianza 1947. Hapa Tanganyika walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa na Urambo hazikuwa mbali na Reli ya Kati. Nachingwea ilikuwa msitu mnene, barabara zinakatika kila masika, na bandari ya karibu, Lindi, haina kina cha kupokea meli kubwa. Hata hivyo zaidi ya nusu ya ekari zote ilipangwa iwe huku kusini, kwa kuwa mvua ya huku inaaminika kuliko ya Kongwa. Ndipo ikabidi mradi ujenge bandari na reli kwa mkupuo mmoja.

Ziangalieni tarehe, maana ndizo zinazoniuma. Walianza na gati la muda pale Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, na 1949 reli kutoka Mkwaya ikafika Nachingwea. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupa mkono mradi wa karanga, karibu paundi milioni 36 zikiwa zimeteketea. Bandari ya Mtwara, yenye kina cha kupokea meli kubwa, ilikamilika pamoja na reli yake 1954. Yaani gati lilikuwa tayari, mabehewa yapo, njia imenyooka mpaka Nachingwea, na mzigo uliosababisha yote hayo ulikuwa umekufa miaka mitatu nyuma.

Marehemu babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye genge la njia, wale waliokuwa wakitembea na sururu na mtaimbo kukaza misumari na kurudishia kokoto zilizochukuliwa na mvua. Hakuwa mtu wa hadithi nyingi. Siku moja, nikiwa darasa la tano, tulikuwa tunasukuma baiskeli yenye gunia la korosho, akanitoa barabarani, akanipitisha kwenye njia ya miguu iliyo juu ya tuta refu lililoota nyasi. "Panda," akasema. Nikapanda, na baiskeli ikaenda na gunia lake bila mimi kutoka jasho. Barabarani tungekuwa tunahema mlimani. Akanieleza kwamba garimoshi haliwezi mlima, kwa hiyo wao walichonga kilima na kujaza bonde mpaka njia ikawa karibu tambarare. Akainama, akafukua kwa kidole cha gumba, akatoa kokoto moja ya kijivu yenye kona kali. Akaniambia kokoto za namna ile zililetwa kwa mabehewa. Aliirudisha palepale alipoitoa, akaifukia, tukaendelea na safari.

Baada ya karanga, reli ilibaki chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Baadaye tawi likafika hadi Masasi. Ilibeba mazao ya wakulima, mbao na abiria, lakini mapato hayakufikia gharama. 1962, chini ya mwaka mmoja tangu Uhuru, ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Tangu 1949 ni miaka kumi na mitatu tu. Mtoto aliyezaliwa siku ya garimoshi la kwanza hakuwa hata amebalehe sawasawa lilipoondoka la mwisho.

Kusini kuna lalamiko mtalisikia kila kijiwe cha kahawa: walituonea, waling'oa reli yetu. Silikubali lote. Serikali changa, yenye shule chache na madaktari wa kuhesabu kwa vidole, ingeendelea kulipia njia isiyojilisha kwa fedha ipi? Ningekuwa mimi pale mezani huenda ningesaini vilevile. Kinachonisumbua ni kwamba hesabu ilipigwa kwa mzigo wa siku ile, na mzigo wa kesho ulikuwa umekwisha pandwa. Mkorosho hukaa miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa, na zaidi ya hapo kabla ya kukolea. Wakulima wa Masasi, Newala na Nachingwea walikuwa wanapanda wakati reli ikitafuta cha kubeba. Kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka kusini. Mzigo ule ulisafiri kwa malori, kwenye barabara za udongo, na gari likikwama Aprili mkulima ndiye anayepata bei mbaya. Laiti mng'oaji angesubiri miaka kumi!

Na si korosho peke yake. Mashamba yaliyofyekwa kwa ajili ya karanga yalipata kazi nyingine. Lile la namba 17 likawa kambi kuu ya FRELIMO hapa nchini, na kutoka hapo wapigania uhuru wa Msumbiji walivuka Ruvuma. Shamba lililoanzishwa kwa ajili ya siagi ya Waingereza likaishia kuwang'oa Wareno. Hilo huwa nawaambia wanafunzi kwa fahari kabisa.

Siku hizi kuna mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kilometa 1,000 hivi, kwa ajili ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Naiombea heri. Ombi langu kwa wapangaji ni kwamba wasihesabu makaa na chuma peke yake. Waje waone maghala ya korosho mwezi wa Novemba.

Pale Stesheni hakuna hata kibao cha mbao kinachoeleza jina limetoka wapi. Nimepeleka ombi liwekwe kimoja, chenye miaka mitatu tu juu yake: 1949, 1954, 1962. Wakati nasubiri jibu, nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Aliyekuwa na miaka ishirini reli ilipofungwa leo amevuka themanini, na kila masika tunazika wawili watatu. Mpaka sasa nimekwisha kaa na wazee sita. Bibi mmoja ananikumbushia nauli na rangi ya mabehewa, mwingine alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha dirishani, na mzee mmoja anaweza kunitajia vituo vyote kwa mfuatano, akifumba macho, hadi njia panda ya Ruo, pale reli ya Mtwara ilipoungana na ile ya Mkwaya. Ruo sijafika bado. Jumamosi hii nakwenda.

Msomaji wenu, Nachingwea