Faili limekataa uhakiki: nilitumie au nilifute?

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, toleo ambalo matengenezo yake ya kawaida yalikoma mwaka 2025, hivyo nimeamua kuhamia 24.04. Faili lake linakaribia gigabaiti 6, nami nililipakua kwa bando la simu kwa siku tatu. Nilipolihakiki, nambari ya SHA256 niliyoipata, ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yaliyomo kwenye faili, haikufanana na ile ya kwenye tovuti. Nikapakua upya, nambari zikalingana, lakini nilipohakiki sahihi ya kidijiti ya orodha ya nambari hizo nikaambiwa kwamba ni nzuri, kisha papo hapo nikaonywa kwamba ufunguo wake (data ya kuthibitishia sahihi) hauaminiki. Je, nisakinishe au niache?
Mwalimu wa hesabu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, pole kwa bando mbili. Faili la kwanza yaelekea liliharibika njiani tu. Nambari ya SHA256 ina herufi na tarakimu 64, na hata baiti moja ikipotea, nambari yote hubadilika, kwa hiyo haikuonyeshi kama kilichoharibika ni kidogo au kikubwa. Kama hujalifuta, lingeweza kuokolewa: programu ya torrent, ya kupakua mafaili kwa vipande kutoka kwa watumiaji wengine, hulikagua faili kipande kwa kipande na kupakua vile vibovu peke yake.

Onyo la pili ndilo linalowachanganya wengi, na kwa kweli limeandikwa vibaya. Halisemi kwamba sahihi ni ya uongo. Linasema kwamba wewe hujaiambia kompyuta yako kuwa unamwamini mwenye ufunguo. Hata hivyo usilipuuze, kwa sababu ufunguo ulioupata mtandaoni unaweza kuwa wa mtu yeyote. Mwezi Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, ilivamiwa, na kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kikaelekezwa kwenye faili lenye mlango wa siri wa kuwaingiza wadukuzi kwenye kompyuta. Mtu awezaye kubadilisha kiungo anaweza pia kubadilisha nambari iliyoandikwa kando yake, na hapo kulingana kwa nambari hakumsaidii mpakuaji.

Bahati yako ni kwamba Ubuntu uliyonayo ilikuja na funguo za watengenezaji wake tangu ulipoisakinisha, kwa hiyo huhitaji kuziomba mtandaoni. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda yenye faili ulilopakua pamoja na SHA256SUMS, yaani orodha ya nambari, na SHA256SUMS.gpg, yaani sahihi ya orodha hiyo, kisha andika:

gpgv --keyring=/usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS

Likija jibu kwamba sahihi ni nzuri, bila onyo, orodha ya nambari ni halali. Kumbuka kwamba sahihi hiyo ni ya orodha, si ya faili lenyewe, kwa hiyo malizia kwa kulilinganisha faili na orodha hiyo hiyo:

sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS

Maneno --ignore-missing katika amri hiyo huizuia kompyuta isilalamikie mafaili mengine yaliyotajwa kwenye orodha ambayo hukuyapakua. Hatua zote mbili zikipita, nakili data zako kwenye diski ya nje, kisha sakinisha.