Waulizao: Vijana wazima, jita imepanda

SWALI: Assalaam alaikum. Narekodi sauti za vijana 20 hapa Lamu mjini, wa miaka 18 hadi 25, wazima wote, nipate vipimo vya sauti ya kawaida. Natumia simu, sebuleni, kisha natuma kwa WhatsApp hadi kwenye kompyuta yenye Praat, programu ya kupima sauti. Kwa wengi jita inapita asilimia 2, na msichana mmoja ametoka na Hz 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Wana maradhi ya koo?
Msomaji, Mkomani

JIBU: Wa alaikum salaam. Makoo hayana neno. Ulichopima ni simu na sebule.

Jita ni tofauti ya muda baina ya mtetemo mmoja wa nyuzi za sauti na unaoufuata, tofauti ndogo mno. WhatsApp huibana sauti, na tofauti hizo huharibika humo. Rekodi kwa WAV, faili isiyobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, uhamishe faili kwa waya. Tena simu nyingi hupunguza kelele na kupandisha sauti zenyewe. Ukipata maikrofoni ya kuvaa kichwani ni bora. Ikae sentimita 4 hadi 10 kutoka pembe ya mdomo, kando, isipigwe na pumzi.

Kuta nene za mawe huzuia kelele za nje, lakini chokaa tupu hurudisha mwangwi. Hamia chumba chenye godoro na utundike mablanketi. Feni zima, friji chomoa. Punda akilia, rudia.

Huyo wa Hz 98 zidisha kwa 2: 196, sauti ya kawaida kabisa ya msichana. Programu imehesabu mitetemo miwili kama mmoja. Hakikisha kwa macho: kuza wimbi, hesabu mitetemo katika sekunde 0.1. Ikikaribia 20, programu ndiyo iliyokosea. Kwenye programu, kwa wanawake weka mipaka ya kutafuta mitetemo ya Hz 100 hadi 500, kwa wanaume 75 hadi 300, wala usichanganye wastani wao.

Kila mmoja avute "aaa" sekunde 5, mara 3, kwa sauti ya mazungumzo. Akiitoa chini mno kwa haya, jita hupanda, na shima pia, yaani tofauti ya nguvu ya sauti baina ya mtetemo na mtetemo. Wasomaji kaswida ndio wa kuangaliwa zaidi: wataitia "aaa" mahadhi, na mtikiso huo programu huuona kama kasoro. Kata mwanzo na mwisho, upime sekunde 3 za kati, kisha uchukue wastani wa mara zote tatu.

Ile asilimia 1.04 ya jita na 3.81 ya shima mnayoiona vitabuni kama mpaka ni ya programu nyingine, MDVP, isiyohesabu sawasawa na Praat. Uwiano wa sauti na kelele kwenye "aaa" ya mwenye afya hukaribia desibeli 20. Ukishuka sana kwa vijana wote kwa pamoja, rudi kwenye chumba kwanza. Aliyeamka na mafua mpangie siku nyingine. Na jita peke yake haimfanyi mtu mgonjwa: wa kupelekwa kwa daktari ni yule ambaye sauti imemkauka wiki 4 bila kurudi, hata vipimo vikiwa vizuri.